Nyumba ya Mama na madirisha ya Jabrin

Najua nimekuwa kimya muda mrefu. Kazi zimeniandama, na joto la Maskati la mwezi wa sita halimpi mtu hamu ya kukaa mbele ya kompyuta.

Leo nimekaa kwa sababu mdogo wangu alinipigia simu juzi usiku. Fundi wa dari anaanza kazi baada ya wiki mbili, jipsamu ishanunuliwa, zimebaki pesa za viyoyozi viwili tu. Nikamwambia asubiri. Akakasirika, na ana haki ya kukasirika, maana ramani ya ile nyumba niliileta mie mwenyewe. Kwa hivyo haya ninayoandika ni historia, lakini pia ni kumuomba radhi yeye na Mama. Nitaanzia mbali kidogo, mnivumilie.

Kwa wasioijua, nyumba ya Mama iko Fuoni. Niliichora kwa kuangalia nyumba za huku: tofali za saruji, madirisha mapana ya vioo vya kusukuma pembeni, mbele kumenyooka, juu bati. Nikasisitiza kila tundu la chini ya bati lizibwe kwa saruji ili popo na kunguru wasiingie. Mafundi wakaziba vizuri sana. Mama akahamia wakati wa kipupwe, akasifu, akanipigia dua. Ilipoingia kaskazi akaanza kulala kwenye kibaraza cha jikoni. Kwa miezi mitatu hakuniambia kitu. Niliyajua kwa wifi yangu. Nilipomuuliza alisema, "Nyumba nzuri mwanangu, lakini haina pumzi."

Neno hilo sijalisahau, ndilo lililonifanya nianze kuuliza watu wa zamani walikaaje.

Nianze na Maskati yenyewe. Mji wa zamani umekaa kwenye kikombe cha majabali meusi, bahari mbele, mawe nyuma. Mchana jabali linakunywa jua, usiku linalirudisha. Kuna upepo wanauita gharbi, unatoka bara juu ya milima, na usiku wa kiangazi ukivuma utadhani mtu kafungua mlango wa tanuri la mikate. Mwaka 1442 alipita hapa Abd al-Razzaq wa Samarkand, mjumbe wa mfalme Shah Rukh wa Herat, akielekea Calicut huko India. Alilalamikia joto hili kwa maneno mazito, akaugua alipofika Qurayyat, na kaka yake akafariki katika safari hiyo hiyo. Sasa sikilizeni: Qurayyat hiyo hiyo, tarehe 26 Juni 2018, usiku kucha kipimo hakikushuka chini ya nyuzi 42.6. Hiyo ni rekodi ya dunia ya joto la chini kabisa la siku kuwa juu kiasi hicho. Nilikuwa Maskati usiku ule. Maji ya bomba la baridi yalikuwa hayashikiki.

Sasa watu waliishije humu kabla ya umeme? Mwenye nyumba wangu ni bibi wa Kiunguja, aliondoka Mjini akiwa msichana baada ya Mapinduzi ya 1964, akapitia Dubai, akafika Oman baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Julai 1970. Kiswahili chake ni kile cha Malindi ambacho siku hizi hata Malindi kwenyewe hukisikii. Ananiambia alikuta watu wa mwambao wa Batina wanakaa kwenye nyumba za makuti ya mtende, wenyewe wanaziita arishi au barasti. Upepo unapita ukutani kama unavyopita kwenye kikapu. Wenye nyumba za mawe na udongo walilala juu ya sakafu, familia nzima, wengine wakirowesha mikeka maji. Na wenye uwezo walihama kabisa. Kiangazi kikiingia mji unapungua watu, wanakwenda kwenye mashamba ya mitende. Habari hizi ni kongwe: Marco Polo aliiandikia Hormuz, ng'ambo ya pili ya bahari hii, kwamba watu walikimbilia bustanini wakati wa joto, na nyumba zao zilikuwa na minara ya kukamata upepo.

Minara hiyo Waajemi wanaiita badgir, Waarabu wa Ghuba barjil. Mkifika Dubai mtaiona mtaa wa Bastakia, siku hizi wanauita Al Fahidi, imejengwa na wafanyabiashara waliohama kutoka pwani ya Iran mwanzoni mwa karne ya 20. Mnara uko wazi pande nne juu, ndani umegawanywa kwa kuta zilizopishana. Upepo ukija upande wowote unadakwa na kushushwa chumbani, na upande wa pili hewa ya moto inatoka. Oman hakuna mingi ya namna hiyo. Wao walikuwa na ujanja mwengine, na ujanja huo ndio ulionifungua macho.

Mwaka jana niliendesha gari mpaka Jabrin, karibu na Bahla, mwendo wa saa mbili hivi kutoka Maskati. Kuna ngome aliyoijenga Imam Bil'arab bin Sultan al-Ya'rubi katika robo ya mwisho ya karne ya 17. Ukoo huu tunaujua sisi watu wa pwani, hata kama jina tunalisahau. Baba yake ndiye aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na ndugu yake, Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliichukua Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1698. Ndugu hao wawili walipigana wenyewe kwa wenyewe, Bil'arab akafia mumo humo ndani akiwa amezingirwa, na kaburi lake liko chini ya ngome yake. Kisa kirefu, siku nyengine inshallah.

Nilichokwenda kuona ni chumba wanachokiita cha Jua na Mwezi. Kina madirisha kumi na nne. Saba yako chini, usawa wa mtu aliyekaa kwenye zulia, na saba yako juu kabisa, karibu na dari iliyochorwa maua. Mwanzo nilidhani ya juu ni ya mwanga tu. Yule bwana anayelinda akanieleza kwamba hewa baridi inaingia kwa chini na hewa ya moto inatokea juu. Nikatoa karatasi laini mfukoni, nikaishika kwenye dirisha la chini. Ikavutwa ndani! Nje siku hiyo hapakuwa na upepo wa kutikisa jani. Nilirudia mara tatu kama mtoto, yule bwana akacheka, akasema kila mgeni hufanya hivyo. Sidhani kama ni kweli, ila alinistahi.

Hakuna uchawi. Hewa ikipata moto inakuwa nyepesi, inapanda. Ikipata pa kutokea juu, inaacha nafasi, na hewa nyengine inaingia kwa chini kuijaza. Kadiri tundu la juu linavyokuwa mbali na la chini, ndivyo mvuto unavyozidi. Kwa hivyo nyumba inaweza kujivutia hewa hata siku ambayo upepo umekufa. Lakini matundu lazima yawe mawili. La juu peke yake halivuti kitu, na la chini peke yake linaiacha hewa ya moto imekaa pale pale darini ikikutazama. Mimi nyumba ya Mama niliipa madirisha yote ya usawa mmoja, na juu nikaziba.

Nilivyokuwa narudi Maskati nikawa naikumbuka nyumba ya babu, Shangani, tuliyokuwa tukienda Idi. Mnaikumbuka nyie wakubwa. Vyumba virefu vyembamba kama treni. Mtoto nilikuwa nashangaa kwa nini havina upana. Sababu ni boriti. Mti wa mkoko unaofaa kubeba sakafu hauna urefu mkubwa, kwa hivyo chumba hakiendi upana wa zaidi ya mita tatu hivi. Na mti huo huo ndio uliopima vyumba vya huku! Majahazi yaliubeba kutoka Lamu na delta ya Rufiji mpaka Oman, Bahrain, Kuwait. Huku wanauita chandal. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri na jahazi la Kuwait msimu wa 1938 na 1939, akaingia nalo Rufiji kupakia boriti, na akaandika jinsi ukataji ule ulivyokuwa kazi ya matope, mbu na jasho. Ukiingia nyumba kongwe ya Matrah ukatazama juu, unaitazama Rufiji.

Kuta za babu zilikuwa mawe ya matumbawe na chokaa, nene nusu mita na zaidi. Ukuta wa namna ile joto la mchana linachelewa kuupenya. Katikati pana kiwanja, juu wazi, na hewa ya moto inapandia humo kama moshi kwenye bomba, huku vyumba vinavuta hewa kutoka vichochoroni ambako jua halifiki. Juu ya milango palikuwa na nakshi zenye matundu. Tukidhani ni mapambo. Ni mapambo, lakini ndiyo yale madirisha saba ya juu ya Jabrin.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni bati. Mie nililaumu bati kwa tabu ya Mama, kumbe bati lipo Mji Mkongwe zaidi ya miaka mia. Bati la migongo ni la Waingereza, Henry Robinson Palmer alilipatia hataza London mwaka 1829. Unguja nyumba nyingi za mawe zilianza na sakafu bapa juu, kama za Uarabuni. Sakafu bapa inafaa mahali ambapo mvua ni ya kubahatisha, lakini masika yetu hayana mchezo, zilivuja. Basi kuelekea mwisho wa karne ya 19 watu wakaanza kuezeka bati juu ya ile sakafu, wakaliinua kwa nguzo, na pembeni wengi wakaacha wazi. Hivyo bati likachukua jua, upepo ukapita kati ya bati na sakafu, na chini yake kukapatikana mahali pa kuanika nguo, kuweka mitungi, na kupunga upepo magharibi. Pale kwa babu ndipo tulipokuwa tukisubiri mwezi wa Idi. Bati lilikuwa moto hasa, huwezi kuligusa, na sisi chini yake tunakula visheti kwa raha zetu.

Hata nyumba za Ng'ambo za udongo na makuti zilikuwa na akili hiyo. Ukumbi umenyooka kutoka mlango wa mbele mpaka uwani, unapitisha upepo kama mfereji. Kuta za vyumba hazikufika paani, na makuti yenyewe yanapumua. Ukisengenya chumba hiki wanasikia chumba cha tatu, ndiyo tabu yake, lakini joto halilali na mtu.

Wakubwa nao walijitafutia upepo kwa namna yao. Sayyida Salme, yule binti wa Sayyid Said aliyekuja kuitwa Emily Ruete, katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1886 anaieleza Beit el Mtoni na lile jukwaa la mviringo mbele ya bahari alipokuwa baba yake akikaa. Sayyid Barghash alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 aliizungushia varanda pande zote juu ya nguzo za chuma, jua lisiuguse ukuta. Sehemu ya jengo hilo ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa linakarabatiwa kwa fedha za Oman, na watu wawili wakafa, Mungu awarehemu. Huku Matrah kuna Bait al Baranda, nyumba ya tajiri wa mwisho wa karne ya 19 ambayo sasa ni makumbusho, na jina lake ni hiyo hiyo varanda.

Halafu kuna neno letu pangaboi. Watoto wa siku hizi wanasema feni. Pankha ni Kihindi, pazia kubwa lililoning'inizwa darini, na boi ni yule mtu aliyekaa nje ya mlango akivuta kamba mchana kutwa ili bwana ndani apate upepo. Mashine ilipokuja ikarithi jina la mtu aliyekuwa akiivuta. Kila nikiliwasha la kwangu namkumbuka, na sijui kama yeye aliwahi kupepewa na mtu.

Kiyoyozi kina historia fupi. Willis Carrier alikitengeneza mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, karatasi zisivimbe kwa unyevu. Hakikukusudiwa mtu kulala. Huku kiliingia kwa nguvu baada ya 1970, na nyumba zikabadilika: kuta nyembamba za saruji, dari fupi, madirisha ya kufunga. Siwalaumu. Mkilala usiku mmoja wa Juni hapa mtakibusu kiyoyozi. Ila nyumba ya namna hii inaishi kwa waya, na waya ukikatika tu inageuka tanuri.

Niliyaona mwenyewe Juni 2007, kilipopita kimbunga Gonu. Nilikuwa nakaa Al Khuwair, orofa ya juu kabisa, chini ya zege tupu. Mafuriko yakabeba magari, watu wakafa, umeme na maji vikakatika. Siku ya pili chumba changu kilikuwa hakiingiliki. Dirisha moja lilifunguka kiasi cha kiganja, jengine halikufunguka kabisa. Nililala ngazini na Wahindi na Wabangladeshi wa jengo lote, tukigawana maji ya chupa. Na huko nyumbani nani hakumbuki? Waya wa baharini ulipoharibika Mei 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi. Desemba 2009 ikarudi tena, mpaka Machi 2010. Miezi mitatu, na kaskazi yote mumo humo! Mama alikuwa bado yuko nyumba ya zamani. Namuuliza sasa aliwezaje, ananijibu, "Tulikosa taa na maji. Upepo hatukukosa."

Sasa nirudi kwa mdogo wangu na fundi wake. Ndugu yangu, jipsamu sikukatazi, lakini usiifunge kabla ya kufungua juu. Bati la Fuoni saa nane mchana linachoma, na hewa iliyo kati ya bati na dari itapikika kama wali uliofunikiwa makaa. Dari itapata moto, na usiku wote itamshushia Mama joto kichwani. Viyoyozi viwili vitapigana na joto hilo kwa pesa yangu na yako. Huku wenyewe wameanza kuona uchungu tangu Januari 2021 serikali ilipoanza kupunguza ruzuku ya umeme. Sembuse sie.

Kwanza mwambie fundi abomoe ile saruji niliyoililia mie, chini ya upenu, pande zote mbili ndefu, ya kusi na ya kaskazi. Atie wavu wa chuma wenye matundu madogo, popo na kunguru wakome. Hapo ndipo hewa itaingilia. Kisha pa kutokea: kwenye zile kuta za pembetatu mbili za mwisho, juu kabisa karibu na mgongo wa paa, afungue matundu yenye mbao za kulala mshazari ili mvua isiingie. Kama ana ujuzi wa kuinua kofia ya mgongo wa bati ikaacha mwanya uliofunikwa, bora zaidi, maana pale ndipo juu kuliko pote. Usikubali feni ya kunyonya darini kabla ya matundu ya upenu kufunguliwa. Ikikosa hewa ya nje itavuta ya vyumbani, yaani itanyonya ubaridi tulioulipia.

Hewa peke yake lakini haitoshi, nisikudanganye. Bati la moto linarusha joto chini kama jiko linavyokuchoma uso bila ya kuligusa. Kwa hilo kuna karatasi ya kung'aa kama ile ya kufungia chakula, ila nene, inatandazwa chini ya bati juu ya kenchi, na iache nafasi ya hewa baina yake na bati. Nimeulizia bei Ruwi, naweza kuleta roli kadhaa kwa jamaa anayesafirisha mizigo mwezi ujao. Ndani ya vyumba, juu ya kila mlango, naomba tundu lenye nakshi. Yule seremala wa Mwanakwerekwe aliyetutengenezea kitanda ataliweza. Kiyoyozi tununue kimoja, cha chumbani kwa Mama, kwa zile siku ambazo hata Jabrin ingeshindwa.

Gharama ya kubomoa saruji ni yangu yote, maana mimi ndiye niliyesema izibwe. Fundi akisema haiwezekani nipigieni simu nizungumze naye. Huku niko nyumbani kila siku baada ya isha. Na jamani, msimwambie Mama mpaka kazi iishe. Alale kibarazani wiki hizi mbili tatu, kisha mwende mkamuamshe saa saba mchana wa jua kali, mumuingize chumbani mwake, na mniambie kasema nini.